Mungu Hamtupi Mja Wake: Somo Kuhusu Uwepo na Maongozi ya Mungu Wakati wa Taabu

Na Frateri, Mwaka wa Tatu wa Falsafa



Yeyote aliyewahi kukaa msibani Temeke au Kinondoni anayajua maneno haya mawili. La kwanza ni "Kazi ya Mungu haina makosa." La pili ni "Mungu hamtupi mja wake." Husemwa na Wakristo na Waislamu chini ya turubai moja, juu ya mkeka mmoja, na mara nyingi husemwa kwa mfululizo, kana kwamba maana yake ni moja.

Katika somo hili napenda tuyatenganishe. Yote mawili ni ya kweli, lakini hayafanyi kazi moja. Neno la kwanza, likitumika vibaya, linaweza kumwumiza mtu ambaye tayari ana kidonda. Neno la pili, likieleweka vizuri, lina faraja ambayo mafuriko hayawezi kuiondoa. Tutaanza na swali lenyewe kama linavyoulizwa mitaani kwetu. Kisha tutaangalia majibu yasiyotosha, tutasikiliza mafundisho ya Kanisa na wanafalsafa wake, na tutamalizia na mambo ya kutenda.

1. Swali linavyoulizwa

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi mgeni anaweza kuuvuka akadhani ni mtaro mkubwa tu. Lakini mwezi Desemba 2011, siku chache kabla ya Noeli, mvua kubwa ilinyesha mfululizo, maji yakajaa Jangwani na mitaa mingine ya bondeni. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Wengine walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Shule ziligeuka kuwa makazi ya muda, na baadaye familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, kuanza maisha upya kwenye mahema na viwanja ambavyo havikuwa na kitu.

Upande wa Temeke nako, wenye umri wa kukumbuka hawajaisahau tarehe 29 Aprili 2009, siku mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi Mbagala. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zilibomoka, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika kukimbia.

Hayo ni matukio yaliyoandikwa magazetini. Yapo mengine ambayo hakuna anayeyaandika. Kuna mama anayeamka saa tisa usiku kukaanga maandazi ya kuuza, na bado ada haitoshi. Kuna kijana mwenye shahada ambaye mwaka wa nne sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Kuna mgonjwa wa figo anayehesabu gharama kila anapokwenda kusafishwa damu. Na kuna familia ambayo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati baba hana kazi.

Likizo iliyopita nilihudhuria sala ya jumuiya yetu huku Mbagala. Mama mmoja mjane, ambaye chumba chake kilikuwa kimeingia maji wiki ile, aliniambia akiwa ameshika rozari mkononi: "Frateri, mimi sibishi kwamba Mungu yupo. Nauliza kama yupo hapa."

Swali hili linastahili heshima. Vitabu vyetu vya falsafa vina kurasa nyingi za kuthibitisha kwamba Mungu yupo, kwa ajili ya wale wanaokana. Lakini watu wengi wa mitaa yetu hawakani. Wanasali, wanafunga, wanatoa zaka, kisha maji yanaingia ndani. Wanachouliza ni kama Mungu yule wa kanisani ndiye pia Mungu wa chumba chenye maji.

2. Majibu matatu yasiyotosha

Jibu la kwanza: "Ni mpango wa Mungu." Hapa ndipo neno letu la kwanza linapotumika. Katika somo la mantiki tunafundishwa kutafuta hoja iliyofichika. Mtu anaposema "Kazi ya Mungu haina makosa" mbele ya jeneza la mtoto aliyechukuliwa na maji, kuna hoja hajaitamka, nayo ni hii: kila kinachotokea ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu kweli haina makosa. Lakini si kila kinachotokea ni kazi yake kwa maana ile ile. Dereva anapoendesha akiwa amelewa, hiyo ni kazi ya dereva. Mtaro unapozibwa na takataka, hiyo ni kazi ya waliotupa na ya waliopaswa kuzoa. Kanisa linatofautisha kati ya kile Mungu anachokitaka na kile anachokiruhusu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 311, inafundisha wazi kwamba Mungu hawi kamwe chanzo cha uovu wa kimaadili, si moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka. Na Kitabu cha Hekima, sura ya 1, kinakataa wazo kwamba Mungu ndiye aliyefanya kifo au kwamba anafurahia kuangamia kwa walio hai.

Tunaposahau tofauti hii, tunamwambia mfiwa kwamba aliyemwumiza ni Mungu, kisha tunamwomba akimbilie kwa huyohuyo apate faraja. Wengine wanaweza. Wengine wananyamaza, wanaendelea kuja kanisani kwa miezi kadhaa, halafu hatuwaoni tena.

Jibu la pili: "Ni adhabu ya dhambi." Bwana wetu mwenyewe alilikataa jibu hili. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anazungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na anawaambia wasikilizaji wasidhani kwamba wale walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Yohane 9 wanafunzi wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili. Waliokaa bondeni mwaka 2011 hawakuwa na dhambi kuliko waliokaa mlimani. Walikaa pale kwa sababu ndipo kodi ilipolingana na mifuko yao.

Jibu la tatu: "Ungekuwa na imani, yasingekupata." Hili tunaliona kwenye mabango na kulisikia kwenye vipaza sauti vya mikutano ya miujiza. Linavutia kwa sababu linaahidi njia ya kutokea. Lakini angalia linamwacha wapi mtu ambaye hakupona. Sasa ana ugonjwa wake, na juu yake amebebeshwa lawama kwamba haamini vya kutosha. Tena, kama imani ingekuwa kinga ya taabu, tungewaelezaje Mitume, Mashahidi wa Uganda, na Mama Maria aliyesimama chini ya msalaba?

Majibu haya matatu yana kosa moja. Yote yanachukulia kwamba uwepo wa Mungu hupimwa kwa hali ya mambo yetu: mambo yakinyooka Mungu yupo, yakipinda ama amekasirika ama ameondoka. Rafiki zake Ayubu walifikiri hivyo. Siku saba za kwanza walikaa naye chini kimya, na hapo walifanya vyema. Walipofungua midomo kumweleza sababu za mateso yake ndipo walipopotoka, na mwishoni mwa kitabu Mungu mwenyewe anasema hawakunena yaliyo sawa.

3. Yuko, yupo, yumo

Sasa tumrudie yule mama. Lugha yetu ya Kiswahili ina utajiri unaotusaidia hapa. Tukisema mtu "yuko", tunajua yuko mahali fulani, hata kama hatupajui vizuri. Tukisema "yupo", tunapaonyesha mahali: yupo hapa. Tukisema "yumo", tunamaanisha yuko ndani. Mwenye taabu huuliza "Mungu yuko wapi?", na imani ya Kanisa inamjibu: yupo, tena yumo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, anafundisha katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 8, kwamba Mungu yumo katika vitu vyote kwa namna tatu. Yumo kwa uweza wake, kwa kuwa hakuna kitu kilicho nje ya mamlaka yake. Yumo kwa uwepo wake, kwa kuwa vitu vyote viko wazi mbele ya macho yake. Na yumo kwa uwamo wake mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayekipa kila kitu kuwepo kwake.

Namna hii ya tatu inahitaji mfano. Fundi akimaliza kujenga nyumba Mbagala anaweza kwenda zake Mtwara, na nyumba itabaki imesimama. Hata akifa, nyumba haianguki siku ileile. Lakini wimbo si kama nyumba. Wimbo upo wakati mwimbaji anaimba tu, na akinyamaza hakuna wimbo uliobaki hewani. Wengi wetu tunamfikiria Mungu kama fundi: alituumba zamani, akaondoka, na sasa tunamwita kwa sauti ili arudi kuangalia ufa ukutani. Mtakatifu Tomaso anatufundisha kwamba sisi ni kama wimbo. Kuwepo kwetu tunakipokea kutoka kwa Mungu sasa hivi, dakika hii. Kama angetuacha kwa nukta moja, tusingebaki wapweke na wanyonge; tusingekuwepo kabisa.

Hebu tulitumie fundisho hilo kwa mtu aliye taabuni. Ana huzuni, amechoka, sala hazitoki, anahisi mbingu imefungwa. Lakini anapumua. Kule kuwepo kwake, pamoja na machozi yake, ni ushahidi kwamba Mungu hajaondoka. Hisia zake zinaweza kusema vingine, na hazitendi dhambi kwa kusema hivyo. Hisia hupanda na kushuka kama maji ya bahari pale Kigamboni. Uwepo wa Mungu haupandi wala haushuki. Kutomhisi na kutokuwepo kwake ni mambo mawili tofauti.

Mtakatifu Augustino, akitazama nyuma maisha yake katika Maungamo, alitambua kwamba Mungu alikuwa ndani yake zaidi ya pale alipokuwa ndani yake yeye mwenyewe. Na mwandishi wa Zaburi 139 anajaribu katika mawazo yake kupanda mbinguni, kushuka kuzimu, na kukimbilia miisho ya bahari, asipate mahali ambapo mkono wa Mungu haumfikii. Hata giza, anasema, si giza kwa Mungu.

4. Pingamizi ambalo hatupaswi kulikwepa

Msomaji makini atauliza: "Frateri, kama Mungu anashikilia kila kilichopo, basi ndiye aliyeyashikilia hata yale maji yaliyobomoa nyumba. Nifarijike vipi na mkono unaonishika mimi na mafuriko pia?"

Pingamizi hili ni zito, na mwanafunzi wa falsafa asilijibu kwa haraka. Ni kweli kwamba maji hufuata asili yake, na asili hiyo imetoka kwa Mungu. Maji yaleyale yanayoshuka kutoka vilimani ndiyo yanayootesha mchicha na matembele bondeni. Dunia yenye vitu vinavyofuata asili zao ni dunia ambayo tunaweza kulima, kujenga na kupika ndani yake, na pia ni dunia ambayo tunaweza kuumia ndani yake. Mtakatifu Tomaso anaongeza kwamba Mungu ni mwema na mweza kiasi cha kuweza kutoa jema hata kutoka katika ovu.

Hayo yanasaidia akili. Lakini mama aliyezika mtoto haulizi swali la akili peke yake. Katekisimu, namba 309, inakiri kwamba hakuna jibu la harakaharaka kwa swali hili, na kwamba jibu ni imani yote ya Kikristo ikichukuliwa kwa ujumla: uumbaji, dhambi, agano, kuja kwa Mwana, Kanisa, sakramenti na uzima wa milele. Kwa hiyo anayetafuta jibu la sentensi moja hatalipata, wala asijilaumu kwa kutolipata.

Katika jibu hilo refu kuna mahali pa katikati, nao ni msalaba. Mungu hakubaki ng'ambo akitutumia maelezo. Katika Kristo aliingia katika njaa, katika kukimbia akiwa mtoto mchanga, katika kufiwa na rafiki, katika kuhukumiwa kwa uonevu, na katika kifo. Pale msalabani alichukua maneno ya Zaburi 22, ambayo ni kilio cha mtu anayehisi ameachwa na Mungu. Tangu siku ile hakuna kilio cha namna hiyo kisicho na Kristo ndani yake. Hapo "yupo" imekuwa "yumo" kwa maana mpya: yumo ndani ya taabu yenyewe, upande wa anayeumia.

Tena hakubaki kaburini. Ufufuko ndio unaotupa haki ya kusema "hamtupi". Bila Pasaka, Mungu angekuwa mwenzetu wa kulia tu. Kwa Pasaka, yule aliyelia nasi ndiye aliyeshinda, na anatupeleka alikotangulia.

Mtakatifu Yosefina Bakhita aliliishi jambo hili. Alizaliwa Sudan yapata mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa tena na tena, na kupigwa hadi makovu yakabaki mwilini mwake maisha yote. Huko Italia alimfahamu Kristo, akabatizwa, akawa mtawa, na akafariki mwaka 1947. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007, anamtoa kama mfano wa tumaini: Bakhita alijua kwamba yuko Bwana mkuu kuliko mabwana wote waliomnunua, kwamba Bwana huyo amemjua na kumpenda, naye mwenyewe alikubali kupigwa, na kwamba anamngoja. Makovu hayakufutika. Kilichobadilika ni kwamba hakuwa tena mtu aliyetupwa.

Ndiyo maana napenda tulitazame vizuri neno letu la pili. "Mungu hamtupi mja wake" halisemi mja hatanyeshewa. Halisemi hatafukuzwa kazi wala hatazika. Linasema hatatupwa. Kitu kilichotupwa hakina mwenyewe. Mja ana mwenyewe, hata akiwa matopeni.

5. Maongozi ya Mungu hupita mikononi mwa watu

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: "Vema, Mungu yumo, lakini chumba bado kina maji." Hapo tunafika kwenye fundisho la Maongozi ya Mungu, yaani jinsi anavyovitunza na kuviongoza viumbe vyake kuelekea ukamilifu wao.

Wanafalsafa wetu wanasema Mungu ni sababu ya kwanza, na viumbe ni sababu za pili. Chukua mfano wa jikoni. Wali ukiiva, ni nani ameupika, mama au moto? Moto umepika kweli, na mama amepika kweli. Hatusemi mama kapika nusu na moto nusu. Wali wote ni kazi ya mama, na wote umeivishwa na moto. Vivyo hivyo Mungu hutenda kupitia viumbe vyake. Katekisimu, namba 306 hadi 308, inasema hii si dalili ya udhaifu wa Mungu bali ya ukuu na wema wake: anawapa viumbe heshima ya kuwa sababu wao kwa wao.

Maandiko yamejaa jambo hili. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 3, Mungu anamwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake, amesikia kilio chao, na ameshuka kuwaokoa. Musa pengine alitegemea moto kutoka mbinguni. Badala yake, anaambiwa: basi wewe nenda kwa Farao. Mungu ameshuka, na kushuka kwake kunamwinua mtu. Katika 1 Wafalme, sura ya 19, Elia amechoka hadi anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamletea tena. Neno la Mungu linakuja baadaye, mlimani, akiwa ameshakula na kulala.

Basi usiku ule chumba cha yule mama kilipoingia maji, ni nani waliokuja? Walikuja vijana wawili wa mtaa wenye ndoo. Jirani Mwislamu aliwachukua watoto wakalale kwake. Asubuhi mwenyekiti wa jumuiya alifika na unga, sukari na kanga, na katekista akakaa naye muda mrefu bila kusema mengi. Nilipomuuliza mama yule swali lake amelijibu vipi mwenyewe, alicheka kidogo akasema, "Kama hakuwa yeye, basi alituma watu wanaofanana naye."

Maaskofu wa AMECEA, katika mkutano wao wa mwaka 1976, waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji kwa Afrika Mashariki. Mara nyingine tunazichukulia kama mahali pa kukusanya michango na kupanga zamu za kufagia kanisa. Lakini jumuiya ya nyumba kumi au kumi na tano ndiyo inayojua nani hajaonekana Jumapili, nani hajapika tangu jana, na nani anasema "sijambo" huku macho yake yanasema vingine. Hapo ndipo Maongozi ya Mungu yanapopata miguu.

Lipo na upande wa kutisha wa fundisho hili. Mwanadamu ni sababu ya pili iliyo huru, anaweza kukataa. Mtu anaweza kuachwa na watu hata kama Mungu hajamwacha, na anapoachwa na watu, inakuwa vigumu sana kwake kuamini la pili. Kila tunapomwona mwenzetu yuko taabuni tukapita, tunafanya imani yake iwe ngumu zaidi.

Aidha, kumtegemea Mungu si kukaa tukisubiri. Jumuiya inayosali rozari dhidi ya mafuriko na kisha kutupa taka kwenye mtaro haijaelewa rozari yake. Kudai mitaro izibuliwe, kuhudhuria mkutano wa serikali ya mtaa, kuhama bondeni mtu anapopata uwezo, kumsaidia jirani asiye na uwezo huo, yote haya ni kushiriki Maongozi ya Mungu. Na yanatuepusha na kuiita "kazi ya Mungu" ile ambayo ni kazi tuliyoshindwa kuifanya.

6. Tuishi vipi na uwepo huu?

Kwanza, mlilie Mungu kwa ukweli. Malalamiko mbele za Mungu ni sala. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila aya ya shangwe mwishoni, na bado Kanisa limeiweka katika Sala ya Usiku ya Ijumaa. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Pili, kaa mbele ya Ekaristi, hata kama huna maneno. Wanafunzi katika Marko 4 walikuwa na Yesu chomboni, amelala juu ya mto, na mawimbi yalikuwa yaleyale. Kulala kwake hakukuwa kutokuwepo. Kama huwezi kufika kanisani, tumia sala fupi ukiwa umesimama kwenye daladala au ukipanga bidhaa zako sokoni. Kulitaja jina la Yesu mara moja kwa moyo kunatosha kukumbuka kwamba hauko peke yako.

Tatu, pokea msaada bila aibu. Wengi wetu tunajua kutoa lakini tunaona fedheha kupokea. Ukiamini kwamba Mungu hutunza kupitia watu, basi kumkatalia jirani anayekuja na sufuria ya uji ni kumkatalia pia aliyemtuma.

Nne, ukienda kwa mwenye taabu, tanguliza kukaa. Fuata siku saba za kwanza za rafiki zake Ayubu, si hotuba zao. Teka maji, osha vyombo, shika mtoto. Ukiona lazima useme neno, sema "pole", kisha "tupo hapa". Maelezo ya falsafa yana wakati wake, na wakati huo mara nyingi si siku ya mazishi.

Hitimisho

Tulianza na maneno mawili ya msibani. Kazi ya Mungu haina makosa, na ndiyo sababu hatuna ruhusa ya kumbandika Mungu makosa ya wanadamu wala kila balaa la dunia hii inayougua. Mungu hamtupi mja wake, kwa sababu anamshikilia katika kuwepo kwake kila dakika, ameingia katika taabu yake kwa msalaba, amemfungulia njia kwa ufufuko, na anamtumia majirani. Mtume Paulo, ambaye alijua vizuri kupigwa, njaa na kuvunjikiwa na meli, anamaliza sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi akiwa na hakika kwamba hakuna kitu, mauti wala uzima, kinachoweza kututenga na upendo wa Mungu. Hakusema hayo yote hayatatupata. Alisema hayatatutenga.

Mvua za masika zitarudi, na jumuiya zetu za Kinondoni na Temeke zitakuwa na kazi. Tumwombe Mungu neema ya kumtambua alipo, na tuwe tayari akitutuma.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Ni maneno gani ya faraja tunayoyasema msibani kwa mazoea? Yapi yanajenga, na yapi yanaweza kumwumiza mfiwa?

2. Soma Luka 13:1-5. Je, kuna mtu au familia mtaani kwetu ambayo tumeihukumu kwa sababu ya taabu yake?

3. Soma 1 Wafalme 19:1-8. Ni nani katika jumuiya yetu anahitaji mkate na usingizi kabla ya mahubiri?

4. Ni taabu gani mtaani kwetu tunaiita "mpango wa Mungu" wakati tunaweza kuiondoa au kuipunguza kwa mikono yetu? Tuanze lini, na nani atafanya nini?